Tupeane uzoefu: kugeuza safu zilizo ndani ya safu kuwa jozi za ufunguo na thamani

Mleta mada
Ndugu wanajamvi, salaam. Kila anayetengeneza programu za wavuti hukutana na safu (array, yaani orodha ya data) iliyopangwa hivi: [[7, "hariri"], [12, "futa"]], ilhali anachohitaji ni kuuliza namba 12 (ufunguo) na kujibiwa "futa" (thamani) papo hapo. Katika JavaScript kazi yenyewe ni ya mstari mmoja, kwani Object.fromEntries, iliyoingia katika lugha hiyo mwaka 2019, hukupa objekti, na new Map hupokea safu hiyo hiyo na kukupa Map; zote mbili ni vyombo vya kutunzia jozi za ufunguo na thamani. Kwa maoni yangu ugumu hauko kwenye mstari huo. Uko katika kuamua ufunguo uwe nini na uwe wa aina gani. Naomba kila mwenye kisa chake akilete.

Mchangiaji wa 1
Mkuu, ahsante kwa mada. Nilikabidhiwa ukurasa wa oda uliokuwa unaganda kila unapofunguliwa. Ndani ya kitanzi (loop, msimbo unaojirudia) kinachopitia oda palikuwa na find, amri ya kutafuta ndani ya safu, ambayo kwa kila oda ilianza upya kumtafuta mteja kutoka mwanzo wa orodha. Oda 1,000 zikikutana na wateja 2,000, katika hali mbaya kabisa kompyuta italinganisha mara 2,000,000, ilhali ukijenga Map ya wateja kabla ya kitanzi, kila orodha inapitiwa mara moja tu.

Nilipoijaribu Map hiyo, kasi ilipatikana lakini wateja hawakuonekana. Namba za wateja zilitoka kwenye seva zikiwa namba, na zile zilizokuwa ndani ya oda zilikuwa maandishi. Kwa Map, 7 na "7" ni funguo mbili tofauti. Ile find ya zamani ilikuwa ikilinganisha kwa ==, alama isiyojali tofauti hiyo, na ndiyo maana tatizo halikuwahi kujitokeza. Tangu hapo mimi hupitisha kila ufunguo kwenye String, inayougeuza kuwa maandishi, wakati wa kuweka na wakati wa kusoma.

Mchangiaji wa 2
Kwa sisi wa PHP, lugha ya programu ya upande wa seva, array_column($safu, 'jina', 'id') inamaliza kazi kwa kufanya id kuwa ufunguo na jina kuwa thamani, nayo ipo tangu toleo la 5.5. Suala la aina halitusumbui sana hapa, kwa kuwa ufunguo "7" hugeuzwa kuwa namba 7 wenyewe. Ila "07" hubaki maandishi, kwa hiyo kagueni namba zinazoanza na sifuri.

Mchangiaji wa 3
Langu linahusu mpangilio. Seva ilituma orodha ya idara ikiwa imepangwa kwa alfabeti, na msimbo wa kwenye kivinjari ukaigeuza kuwa objekti yenye namba za idara kama funguo. Orodha ya kuchagulia ikaonyesha idara kwa kufuata namba zake, kwa sababu objekti za JavaScript hutanguliza funguo zinazofanana na namba kamili, kuanzia ndogo kwenda kubwa, hata kama uliziweka kwa utaratibu mwingine. Map hutunza utaratibu ule ule ulioingizia, na kwangu sababu hiyo pekee inatosha kuichagua.

Mleta mada
Nakubaliana nawe kabisa. Je, ufunguo unapojirudia mnafanyaje? Object.fromEntries, Map na array_column zote hubakisha thamani ya mwisho na kuifuta iliyotangulia bila kutoa onyo lolote, jambo ambalo naliona ni hatari kubwa kuliko kasi ndogo.

Mchangiaji wa 4
Mimi hujiuliza kwanza kama kujirudia huko ni kosa la data au ni hali halisi. Mtumiaji mmoja akiwa na ruhusa nyingi, hiyo ni hali halisi, na thamani inapaswa kuwa safu: ukiukuta ufunguo haupo unaweka safu tupu, kisha unasukumia humo kila ruhusa. Mazingira mapya yana Object.groupBy inayofanya hivyo hivyo. Lakini kama namba ya mtumiaji haipaswi kujirudia, nakagua kwa has (kama ufunguo tayari upo) kabla ya set (kuuweka), na ukiwepo nasimamisha programu kwa ujumbe unaoutaja ufunguo wenyewe.

Niongeze moja kwa wanaohamia Map: JSON.stringify, inayogeuza data kuwa maandishi ya kutumwa, ikipewa Map hurudisha {} tupu, hata kama ndani mna maelfu ya jozi. Kabla ya kuituma kwenye seva, irudisheni kwanza kuwa safu ya jozi kwa Array.from.