Tupeane uzoefu: benki ikikubadilishia kadi, nini hufuata?

Wa Section 58, Nakuru: Habarini wanajamvi. Dada yangu anaishi Marekani na mwaka wa 2013 alinunua vitu kwa maduka ya Target, kipindi kile cha Novemba 27 hadi Desemba 15 ambapo wezi walikuwa wameingiza programu kwa mashine za keshia, inanyonya namba ya kadi pale pale unaposwaipu. Kadi kama milioni 40 zilienda hivyo, na 2014 ikawa zamu ya maduka ya Home Depot, milioni 56. Dada hakupoteza pesa, benki ilimtumia kadi mpya, lakini bima ya gari, simu, kila kitu kilichokuwa kinakatwa kwa namba ya zamani kiligoma kwa mpigo na ikabidi apigie kampuni moja moja. Nyinyi je?

Wa Kondele: Mimi nilikata tiketi ya ndege mtandaoni, wiki chache baadaye usiku mesej zinaingia, dola zinakatwa na duka silijui. Nikapiga simu benki usiku huohuo wakafunga kadi, pesa ikarudi baadaye sana baada ya kujaza fomu. Chenye kilinishangaza, kadi yangu ilikuwa na chipu, kile kidude kidogo cha mbele!

Wa Section 58, Nakuru: Chipu inakulinda dukani, ndugu. Ule mkanda mweusi wa nyuma hutoa habari zilezile kila ukiswaipu, kwa hivyo mwizi akizipata anatengeneza kadi ingine. Chipu hutoa msimbo (code) mpya kila malipo, ya jana haifanyi kazi leo. Lakini mtandaoni hakuna mahali pa kuchomeka chipu, unaandika tu namba, tarehe na zile tatu za nyuma, basi, ndio maana wezi wamehamia huko. Hata Marekani walichelewa, mpaka Oktoba 2015 ndio sheria za kampuni za kadi zilisema duka lisilo na mashine ya chipu libebe hasara ya kadi bandia.

Wa Kakamega: Nina duka la hadwea na PDQ, ile mashine ya kulipia kwa kadi, iko kwa kaunta. Naomba wateja, msinipe kadi niende nayo nyuma, chomeka mwenyewe, funika PIN na mkono. Sikasiriki hata kidogo, na muuzaji anayekasirika mwogopeni.

Wa Bungoma: Mamangu alipigiwa na kijana akijiita wa benki, eti kadi yako imedukuliwa nisomee namba imeingia kwa simu tukutengenezee mpya. Mama akamwambia nakuja branchi kesho asubuhi, akakata. Hiyo namba ndiyo OTP yenyewe jamani, namba ya siri ya mara moja ya kuidhinisha malipo, ukiisoma umempa pesa.

Wa Milimani, Kisumu: Kadi ya mshahara siiandiki mtandaoni kabisa. Tangu GlobalPay, kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, ianze 2022 natumia hiyo, ina namba yake, kukitokea shida naisimamisha na mshahara haujaguswa.

Wa Section 58, Nakuru: Hiyo nimeipenda. Wa Kondele, kadi mpya walikupa bure ama walikukata?

Wa Kondele: Walikata. Nikaandika imeili nikiwaambia kadi haikupotea, iliibwa namba, na ni nyinyi mliifunga, wakarudisha. Andika, usiende kuongea tu kwa kaunta, na uweke namba ya malalamiko wanayokupa.