MREJESHO: Kilifishi wangu waliopauka

Wakuu, habari zenu. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini madume wangu wa kilifishi (samaki wadogo wa mapambo), wale wa aina ya Nothobranchius guentheri wenye asili ya Unguja, wamepauka tangu niwalete huku Nyegezi, Mwanza. Asanteni sana kwa majibu.

Nilianza na yule aliyesema nitoe changarawe nyeupe. Nikaweka mchanga mweusi, nikapunguza taa. Siku ya tatu rangi ikaanza kurudi. Ila kilichomaliza kazi, kwa macho yangu, ni viluwiluwi vya mbu kila asubuhi badala ya chakula cha paketi. Sasa mikia imeiva kama pilipili na ubavuni kuna ubuluu. (Funikeni ndoo ya viluwiluwi lakini! Mimi nilisahau, mama watoto akanitimua na mbu wangu.)

Magugu maji ya ziwani kwa ajili ya kivuli yalinishinda. Yalikuja na konokono, nikaogopa kichocho, nikayatoa yote. Badala yake nimetia majani makavu ya mti wa mkungu. Maji yana rangi ya chai, samaki wametulia.

Dume mmoja bado amefifia. Mwenzake anamfukuza kila akijitokeza, Jumamosi namhamishia beseni lake.