Mjadala: jengo kubwa lisiruhusiwe kumwaga maji yake ya mvua barabarani?

Naleta hoja. Kila jengo kubwa jipya mjini Unguja, liwe duka, hoteli, skuli au ofisi, lisipate kibali mpaka mwenyewe aoneshe maji yake ya mvua yatakaa wapi, kwa mfano kwenye shimo la kunyonyea ardhini.

Mitaro mikubwa ya mradi wa huduma za miji Zanzibar (ZUSP), iliyojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, imesaidia, hilo silipingi. Lakini mtaro una kipimo chake, na Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, kila mwaka mabati na zege vinazidi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Maegesho ya mita 2,000 za mraba yaliyomiminwa zege, yakipata milimita 50 siku moja ya masika, yanamwaga lita 100,000 njiani pamoja na mafuta ya magari. Mwenye duka hana habari. Jirani wa bondeni ndiye anayepandisha magodoro juu ya kabati.

Mkaazi wa Sebleni, mtaa wa bondeni: Napinga. Huku kwetu masika ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Hilo shimo la kunyonyea litanyonya nini, na makaro ya vyoo yenyewe yanafurika mpaka uani? Halafu tunajuana: shimo litachorwa kwenye ramani, kibali kitatoka, ardhini halipo. Mimi nataka mitaro izibuliwe kabla ya Machi, basi.

Mleta hoja: Izibuliwe, tena mapema. Ila ndugu yangu, maji yanayojaa Sebleni mengi hayakunyesha Sebleni, yameteremka kutoka juu. Huko juu ndiko pa kuyazuia. Bondeni sisemi shimo. Liachwe bwawa la wazi lenye tundu dogo la kutolea, maji yatoke polepole mvua ikishapungua. Na kwenye mawe ya matumbawe maji ya maegesho yasizamishwe moja kwa moja, kwa sababu yanapenya upesi na uchafu wake, na mji huu unakunywa maji ya chini ya ardhi. Yapite kwanza kwenye mchanga na majani.

Mjumbe wa kamati ya msikiti: Mmelisahau paa. Paa letu lina mita 300 za mraba. Mvua ya milimita 20 ni kama lita 6,000, na zote zinamwagika kwenye uchochoro huku sisi tunanunua maji ya udhu kwa gari. Tenki na michirizi vina gharama, kweli, na maji ya mwanzo lazima yamwagwe maana yana vumbi na mavi ya ndege. Tenki lifunikwe vizuri, mbu wasizaliane. Lakini mkisema sheria iwe kwa majengo mapya tu, haya mapaa yaliyokwishajaa mjini atayashughulikia nani?

Mleta hoja: Hapo ndipo pagumu. Mimi naona tuanze na ya serikali: skuli, masoko na ofisi. Nani ana pendekezo jengine?