Wauza vifaa vya ujenzi, acheni kutuuzia marini bodi za zege (zile plaiwudi nyeusi za kung'aa) wakati tumewaambia tunaunda boti, mtakuja kuua mtu

Wakuu habari za jioni. Naandika hapa nina hasira kweli kweli na sitapunguza ukali maana hii kitu inaweza kutoa roho ya mtu.

Mi niko Tanga, tangu mwezi wa pili naunda kiboti uani kwangu, futi 12, cha makasia na kainjini kadogo nyuma, nitoke na mwanangu wikiendi tukavue kwa mshipi hapo karibu. Mkuku (ule uti wa mgongo wa boti chini) na mataruma (mbao za ndani zinazoshikilia umbo lake) nimechonga kwa mninga mkavu, huko sina lawama, viko imara mpaka leo. Mbavuni na chini ndo nikaamua kutumia plaiwudi, maana mbao ndefu za kupiga ubavu bei imepanda alafu kukalafati, yani kuziba nafasi kati ya mbao maji yasiingie, sijui na sikutaka kubahatisha.

Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi, nikamwambia jamaa wazi kabisa, kaka naunda boti ya kuingia baharini, nataka plaiwudi ya kukaa majini. Kanitolea shiti nyeusi zinang'aa, anasema hii ni marini bodi, jina lenyewe linajieleza. Nikamuuliza tena, gundi yake inahimili? Akasema usiwe na wasi, watu wa boti wote wanachukua hapa. Nikachukua shiti 5 za milimita 12, kila moja 68,000, risiti ninayo na imeandikwa marini.

Sasa sikilizeni kazi niliyopiga. Shiti ina futi 8 na boti ni futi 12, kwahiyo lazima uunge, nikakata mshazari wa sentimita 10 kila kiungo kwa randa ya mkono, nikaunga kwa epoksi, ile gundi kali ya kuchanganya. Ile ngozi nyeusi ya juu haishiki rangi wala epoksi, nikaisugua na msasa namba 60 siku mbili nzima mpaka mikono ikachubuka. Skrubu zote za stenlesi. Rangi mikono mitatu. Sikuruka hatua hata moja wakuu, hata moja.

Nikaishusha majini nikaifunga hapo inapoelea ili mninga uvimbe kidogo na nione kama inavuja. Siku ya tisa, Jumamosi, mtoto kashavaa laifu jaketi yuko tayari mchangani, mi natangulia kukagua, nikiminya ubavu kwa dole gumba linazama! Tabaka zimeachana kama kitabu kilicholoa. Nikaivuta nchi kavu nikakata kipande, ndani kuna mapengo ya upana wa kidole, yani vipande vya mbao vimepangwa havigusani na juu wamefunika vizuri. Kuna mzee fundi wa vyombo pale ufukweni, akagonga ile shiti akanyamaza, akaniambia mwanangu ungepita kwangu kwanza. Nilishindwa hata kumjibu, na mtoto kasimama pale ananiangalia.

Nimerudi dukani unajua kaniambia nini? "Hii ya kumwagia zege, nani alikwambia uweke baharini?" WEWE ndo uliniambia! Alafu ananionyesha maandishi chini ya risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Wengi hatujui hili na wauzaji wanalijua. Hizi shiti za kung'aa ni za mafundi wa zege, ile ngozi imewekwa ili zege lisigande wakibomoa boksi la mbao walilomwagia zege. Kwa zege ni nzuri, sina ugomvi nazo. Plaiwudi ya boti ni kitu kingine kabisa, kuna kiwango cha Uingereza BS 1088, kinataka mbao nzuri mpaka tabaka za ndani, mapengo kama haya hakuna, na gundi isiyoachia hata ukiichemsha. Mi nimechemsha kipande cha hizi zangu kwenye sufuria jikoni, masaa mawili hayajaisha kimefunguka chote. Ningefanya hivo kabla ya kununua shiti 5, laki tatu na arobaini ingekuwa mfukoni, bado sijahesabu epoksi.

Na hiyo ya hairudishwi msitishwe nayo. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu bidhaa, na sheria ya mauzo ya bidhaa inasema ukimwambia muuzaji unanunua kwa kazi gani na ukamtegemea yeye kuchagua, bidhaa inatakiwa ifae kwa hiyo kazi. Nilimwambia mara mbili na kijana wake wa kupakia mzigo alikuwepo anasikia.

Jumatatu narudi pale na risiti, kile kipande nilichokata na kile nilichochemsha. Nataka hela yangu yote, na nataka aache kuwaambia watu wa boti kwamba hizo shiti ni za majini. Mwenye kujua duka lolote Tanga au Dar lenye plaiwudi yenye muhuri wa BS 1088 aweke hapa chini, mataruma yangu bado mazima na mwanangu kila siku ananiuliza tunaenda lini.