Programu huria au za kampuni? Tupeane uzoefu, ushabiki tuuache mlangoni

Mwanzisha uzi (Morogoro)
Wakuu, habari za jioni. Juzi kwenye uzi wa laptopu za mtumba watu nusura wakunjane mashati: huyu anasema ukitumia Windows umejitia pingu, yule anamjibu Linux ni ya watu wasio na kazi ya kufanya. Nimeona mada ipate uzi wake. Simulia ulichokifanya mwenyewe, na useme unafanya kazi gani, maana mhasibu na mpiga picha hawawezi kupewa jibu moja.

Naanza. Nafundisha kompyuta sekondari. Mashine zetu ni za msaada, nzima kabisa, ila Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo mashine zetu hazina. Nikaweka Linux Mint, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, badala ya Windows. Itikadi sikuwa nayo. Nilikuwa na mashine, bajeti hakuna. Wanafunzi walizoea upesi. Waliosumbua ni wazazi: "Mwalimu, kwa hiyo mwanangu hajui Word?" Swali la haki hilo, maana tangazo la kazi linaandika Word, haliandiki LibreOffice, mwenzake wa huria.

Kwa wageni wa mada: Richard Stallman alitangaza mwaka 1983 mradi wa GNU, wa kuunda mfumo mzima wa kompyuta ulio huru, na hoja yake haikuwa bei. Alitaka mtumiaji awe na haki ya kuendesha programu kwa kazi yoyote, kuichunguza na kuirekebisha, kuigawa, na kugawa aliyoirekebisha; hiyo ndiyo programu huria. Mwaka 1998 wakajitokeza wengine, wakaona mahubiri ya uhuru yanawatisha wafanyabiashara, bora kusema tu kwamba msimbo (maandishi ya ndani yanayounda programu) ulio wazi huzaa programu nzuri. Ubishi huo haujaisha. Ila mimi naona hapa kwetu kuna mtu wa tatu ambaye hawakumhesabu: programu ya kukraki. Ofisi ikishaletewa kila kitu kwenye flashi kwa hela ya soda, bei haiumi, leseni hakuna anayeisoma, na ukianza habari za haki unaonekana umetoka sayari nyingine. Haya, njooni.

FundiSteshenari (Mbeya)
Nina steshenari jirani na chuo. Kisa cha kila siku: kijana anaingia na flashi, anahema, "Kaka nitolee kopi mbili fasta." Nafungua kwenye LibreOffice, CV ya ukurasa mmoja imemwaga mistari mitatu ukurasa wa pili, na namba ya simu ya mdhamini imebaki huko peke yake. Mteja ananitazama kama nimemharibia maisha. Shida ni fonti. Ameandika kwa Calibri, Linux haiji nayo, mashine inachomeka nyingine yenye herufi pana zaidi, mistari inasukumana. Dawa ni kuweka Carlito, ambayo ilichongwa makusudi herufi zake ziwe na upana uleule wa Calibri. Cambria nayo ina pacha wake, anaitwa Caladea. Tangu niweke hizo mbili kelele zimepungua sana.

Hata hivyo kompyuta ya kaunta ina Windows, tena yenye leseni. Ya nyuma, ya kuskani na kupokea flashi, ni Linux. Wale vairasi wa kugeuza mafolda ya watu kuwa shotikati wanafika pale wanakosa cha kufanya.

MbishiWaNairobi
Wandugu, naona kila mtu anahesabu shilingi. Hebu niwape kisa cha wakubwa. Kuanzia 2002 Linus Torvalds mwenyewe, aliyeanzisha Linux, alikuwa akitunza msimbo wa Linux kwa BitKeeper, programu ya kampuni. Walipewa bila malipo, ila kwa masharti. Stallman alipinga, wakamwona msumbufu. Mwaka 2005 mwandishi wa programu huria, Andrew Tridgell, akaanza kuchunguza jinsi BitKeeper inavyoongea na seva yake ili aandike programu huria ya kusoma data hizo. Mwenye kampuni akakasirika, ofa ikaondolewa. Mradi mkubwa kama ule ukajikuta umenyang'anywa jembe katikati ya msimu. Mnaona sasa? Kupewa bure si kupewa haki.

DadaMsimbo (Arusha)
Kaka Mbishi, umekata kisa kabla hakijaisha. Aprili ya mwaka huohuo Torvalds akaandika Git, chombo huria cha kutunza msimbo, na leo wewe na mimi tunakula kwa Git. Tena alitumia BitKeeper kwa sababu wakati ule hakuona cha huria kinachomfaa, na ile miaka mitatu ndiyo iliyomwonyesha anataka chombo cha namna gani. Mimi naandika programu za simu, naheshimu msimamo, ila msimamo hauwashi waifai. Hata Debian, watengenezaji wa aina mojawapo ya Linux, ambao hawana mchezo na mambo ya leseni, walipiga kura 2022, na Debian 12 ya mwaka 2023 ikaja na zile programu ndogo za kuamshia vifaa, hata kama si huria. Kabla ya hapo nilikuwa nafunga mashine za wateja kwa kuchomeka waya wa simu ili tu nipate intaneti ya kushusha hizo draiva.

MbishiWaNairobi
Na ndiyo maana Debian haimo kwenye orodha ya Stallman ya mifumo iliyo huru kabisa. Haikuwamo hata kabla ya kura hiyo.

DadaMsimbo (Arusha)
Sawa, na waifai yangu inawaka.

MamaTakwimu (Dodoma)
Niko kwenye takwimu za afya. Kuna mradi mmoja, jina naliacha, ulituletea programu nzuri ya kampuni kutunza taarifa za vituo. Mradi ukaisha, leseni nayo ikaisha. Data zetu zilikuwa mle ndani, tunazijua kwa sura, lakini kuzitoa kwa mpangilio wa maana haikuwezekana. Tulirudi kwenye vitabu vya MTUHA, vile vya kujazia takwimu za vituo vya afya, kata kwa kata, tukaingiza upya. Ukishakaa usiku unasomewa tarakimu za chanjo na mwenzako huku macho yanafunga, hoja ya haki huihitaji kutoka kwa mtu yeyote.

Sasa tunatumia DHIS2, programu ya kukusanya takwimu za afya, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya waliisambaza nchi nzima 2011, nasi tukafuata. Ni huria, na vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaijua hadi ndani. Lakini asikudanganye mtu kwamba haina gharama: seva, umeme, mafunzo, na mtaalamu ambaye ukimwachia kidogo anachukuliwa na shirika. Tofauti ni kwamba hela hiyo inalipa mtu wa hapa, na data naitoa siku nikitaka.

MpigaPichaHarusi (Tanga)
Mimi nalipia Photoshop kila mwezi. GIMP, mwenzake wa huria, toleo la 3.0 la mwaka 2025 imenisogeza karibu, kwa kuwa sasa unaweza kurudi kubadili kichujio ulichokwisha kukiweka. Ila mwenye mashine ya kuchapa albamu anataka PSD, yaani faili la Photoshop, na rangi za uchapaji za CMYK, na yeye ndiye anayeshika kazi yangu.

Kinachoniuma ni wanaokraki. Wananishushia bei kwa sababu hawana gharama, na haohao wanaikosesha GIMP wateja. Mtu angelazimika kulipa, nusu ya mji huu ingekuwa imeijua GIMP siku nyingi.

KijanaWaRamani (Dar)
Naunga mkono. Ramani Huria ilipoanza 2015 kuchora maeneo ya mafuriko hapa Dar, kazi ilifanyika kwa OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kawaida, na QGIS, programu huria ya ramani, na wanafunzi wa vyuo ndio walioingia mitaani. Tungetumia programu ya leseni, ingekaa maabara na ufunguo wake kwa msimamizi. QGIS kila mtu aliondoka nayo kwenye laptopu yake, ndiyo inayonilisha mpaka leo.

MzeeWaSLP (Zanzibar)
Vijana, sisi CD za Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, zilitufuata sanduku la posta, hulipi hata nauli. Wakasitisha 2011. Na kabla yake, Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi, menyu zote Kiswahili. Msimbo ulikuwa wazi, kwa hiyo hawakusubiri ruhusa ya mtu.

FundiSteshenari (Mbeya)
Shikamoo mzee. Watu waliitumia kweli?

MzeeWaSLP (Zanzibar)
Marahaba. Wachache. Wengi walikuwa na ya kukraki.

Mwanzisha uzi (Morogoro)
Hatujampata mhasibu. Kama kuna aliyeendesha hesabu za duka kwa GnuCash, programu huria ya uhasibu, zaidi ya msimu mmoja, aje aseme, hasa upande wa VAT alifanyaje.