Chumba cha kufulia kinachotokea kwenye jakuzi, nianze na rangi au sakafu?

kachumba_kangu:

Habari za humu wadau. Nina kachumba ka kufulia nyuma ya nyumba, kama mita 2 kwa 3 ivi, ndani kuna mashine ya kufulia, sinki, kabati la masabuni na yale makorokoro ambayo hayana kwao, ngazi, ndoo, boksi la spana, meza ya pasi. Sasa mlango wake wa nyuma ndo unatokea kwenye jakuzi, iko nje chini ya paa. Yani hakuna njia nyingine, ukienda unapita hapo na ukirudi umelowa chapachapa unapita hapohapo. Kwa hali kalivyo kanatia aibu, rangi imebanduka ukutani sehemu ya chini, kwenye kona za dari kuna madoa meusi, sakafu ni vigae vya kung'aa ambavyo ukikanyaga na mguu wenye maji unasali kwanza.

Nataka kawe kazuri, mtu akipita ajisikie anaelekea kwenye starehe na sio stoo. Nimewaza wolpepa yenye majani makubwa ukuta mmoja, ukuta mwingine mbao, kabati jipya jeupe la MDF (zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa), na taa nzuri. Mume wangu anasema pakeni rangi yaishe. Nianzie wapi na kipi kinafaa kipi hakifai? Msinicheke tu.

FundiVigae:

Dada hatukucheki ila wolpepa weka pembeni kwanza. Hayo madoa meusi kwenye kona ni kuvu, na kuvu haiji bila unyevu, ukipaka rangi juu yake unakuwa umeifunika tu, itatokea tena palepale. Kona ya dari ndo sehemu ya ubaridi na hewa haizunguki, kwaiyo mvuke wa nguo na mataulo mabichi ukifika hapo unageuka maji. Hilo la juu ni la hewa. La chini, rangi kubanduka, ni kesi nyingine kabisa, inaweza kuwa maji ya miguu yanarukia ukuta, inaweza kuwa bomba linavuja ndani, inaweza kuwa unyevu unapanda kutoka kwenye msingi. Usikisie, pima. Chukua kipande cha nailoni angavu, nusu mita kwa nusu mita inatosha, bandika kwenye ukuta uliobanduka, ziba kingo zote na gundi ya karatasi, acha siku moja au mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, basi ukuta wenyewe una maji. Ukikuta matone upande wa nje basi ni hewa ya chumba.

Sakafu sasa. Hivyo vya kung'aa vitoke, hapo hatujadili. Ukienda dukani utaona kwenye maboksi wameandika R9, R10 mpaka R13 na muuzaji atakwambia chukua R11 umemaliza. Sio kweli sana, ile R inapimwa na mtu aliyevaa viatu kwenye sakafu yenye oili, we unapita peku na maji. Ya miguu mitupu ni herufi A, B na C. A ni ya sehemu kavukavu kama vyumba vya kubadilishia nguo, B ni ya pembeni ya bwawa na kwenye mashawa, C ni ya ngazi za kushukia kwenye maji. Wewe tafuta B. Na vigae vidogo vinashika mguu kuliko vikubwa kwa sababu mistari ya grauti, ile ya kujazia kati ya vigae, ni mingi, japo kufagia ni kazi kidogo.

Halafu mteremko. Sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la kutolea maji, na mteremko unatengenezwa kwenye saruji ya chini, sio fundi aje kuubabaisha kwa gundi ya vigae. Kabla ya vigae paka dawa ya kuzuia maji kupenya mikono miwili, ipande ukutani angalau sm 15, kwenye pembe zote weka ule utepe wake maana pembe ndo zinapasuka kwanza. Watu wengi wanadhani kigae ndo kinazuia maji. Kigae chenyewe sawa, ila maji yanapita kwenye grauti taratibu na kukaa chini, miaka inapita ndo unaanza kusikia harufu. Grauti chukua ya epoksi, haifyonzi maji. Na pale sakafu inapokutana na ukuta usijaze grauti, weka silikoni, sababu hapo panacheza.

mzee_wa_bajeti:

Mume wako yuko sahihi kwa asilimia zote mpaka siku mgeni ateleze 😂

Waya_Tatu:

Mnaongea vigae na hamjataja umeme hata kidogo. Chumba kina mashine ya kufulia, kuna soketi, kuna swichi, na watu wanapita peku wamelowa mwili mzima. Mtu aliyelowa ngozi yake inapitisha umeme kirahisi mno kuliko mkavu, hiyo ndo sababu bafuni kuna masharti na sebuleni hakuna.

Cha kwanza fungua boksi la breka uangalie kama kuna RCD ya miliampia 30, kile kifaa kinachokata umeme ukianza kuvuja. Ina kitufe kidogo cha kujaribia, kibonyeze, isipokata hapohapo basi haifanyi kazi, mwite fundi umeme kabla ya kununua kopo la rangi. Jakuzi iwe na laini yake yenyewe kutoka kwenye boksi, isigawane na mashine, na iwe na swichi kubwa ya kuzimia ambayo aliye kwenye maji haifikii ila aliye nje anaiona. Kanuni za kila nchi zina tofauti zake ila zile za kimataifa zinahesabu mita 2 kutoka ukingo wa maji kama eneo ambalo soketi ya kawaida haikai. Pima, mlango wako unaweza ukawa ndani ya hizo mita 2 na hujui.

Swichi ya taa ya hicho chumba usiiweke karibu na mlango wa nyuma, iweke upande wa kuingilia kutoka ndani ya nyumba, au weka taa inayojiwasha mtu akipita, mkono wenye maji usiguse kitu. Taa zenyewe ziwe IP44 kwenda juu, yani zinazostahimili kurushiwa maji. Ekstensheni chini sakafuni isionekane kabisa. Na haya yote yafanyike kabla ya plasta na vigae, sio mmemaliza urembo ndo mnaanza kupasua ukuta.

kachumba_kangu:

Asanteni sana, nimebonyeza hicho kitufe, kimekata nyumba nzima na watu wamenipigia kelele lakini angalau kinafanya kazi. Nailoni nimebandika jana. Kingine nilisahau kuuliza, madawa ya jakuzi nayaweka humohumo kwenye kabati la sabuni, klorini na ile ya kushusha pH. Kabati jipya niliweke refu zaidi ili vyote vikae?

majisafi:

HAPANA. Samahani kwa herufi kubwa ila hapana. Ya kushusha pH ni asidi, ikikutana na klorini inatoa gesi ya klorini, ile iliyotumika kama silaha vita kuu ya kwanza 1915, sio kitu cha kukaa kwenye shelfu moja, kopo moja likivuja juu ya lingine kwenye chumba kidogo umekwisha. Na blichi ya kufulia ni jamii hiyohiyo ya klorini, kwaiyo nayo isikae jirani na asidi, hata ile dawa ya kutoa ukoko chooni ni asidi. Hata klorini kwa klorini kuna aina hazipatani, ya vidonge vya kuyeyuka taratibu na ile ya unga wa kalsiamu zikichanganyika zinaweza kuwaka moto zenyewe, kwaiyo kila kopo liwe na kijiko chake kikavu.

Hata bila ajali, makopo ya klorini yanapumua kidogokidogo. Umewahi kuona bawaba za kabati na kona za mashine zinakula kutu wakati maji hayafiki pale? Ndo hiyo. Toa nje, weka kwenye sanduku lenye matundu ya hewa, kivulini, pakavu, lenye kufuli kama kuna watoto, na asidi iwe kwenye sanduku lake peke yake. Na siku ya kuweka dawa ni dawa kwenye maji, kamwe usimwage maji kwenye dawa.

rangi_na_nafasi:

Haya niingie mimi wa urembo kabla hamjamtisha dada wa watu akauza nyumba.

Wazo lako la majani makubwa mi nalipenda, ila karatasi kwenye chumba hicho itaanza kufunguka kwenye maungio. Kama moyo umegoma kuachia, chukua ya vinili na uiweke ukuta wa upande wa nyumba, mbali na mlango wa nyuma na mbali na sinki. Au toa hayo majani kwenye karatasi uyaweke kwenye vigae, ukuta mmoja vigae vyenye mchoro kutoka chini mpaka usawa wa kiuno, juu yake rangi. Hapo umepata mchoro na unapanguswa na kitambaa. Mi ningeenda na kijani kizito chini na juu rangi ya maziwa, dari hiyohiyo ya maziwa ili chumba kisijifunge. Rangi iwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuvu, inayong'aa kidogo, sio ya vumbi vumbi maana hiyo inanywa mvuke.

MDF sahau. Ukingo wake ukilowa unavimba kama mkate kwenye chai na haurudi tena. Tumia plaiwudi ya majini au kabati la PVC au alumini, na ulining'inize ukutani lisiguse sakafu, unadeki chini yake bila shida na chumba kinaonekana kikubwa. Mashine usiifungie kabisa kwenye kabati, weka mlango wa vipande vyenye nafasi ya hewa.

Kitu ambacho watu wanasahau ni kwamba ile ni njia. Simama mlango wa nyuma ujifanye umelowa, mkono unatafuta nini kwanza? Taulo. Kwaiyo vining'inizio viwe hapo mlangoni, kimoja kwa kila mtu na kimoja cha mgeni, viachane vya kutosha taulo likae limefunguka, mataulo matatu kwenye ndoano moja hayakauki, yananuka. Chini yake benchi jembamba, chini ya benchi pawe wazi kwa ajili ya kandambili. Pembeni kapu la plastiki la nguo za kuogelea zilizolowa, na mashine ikiwa hatua moja kutoka hapo umeshinda, nguo yenye klorini inatakiwa isuuzwe mapema. Ndoano za stenlesi ziwe zile 316, zile 304 za kawaida karibu na klorini zinapata madoadoa ya kutu.

Taa weka laini mbili. Moja kali ya kufulia, nyingine hafifu ya njano ya 2700 mpaka 3000 kelvini kwa usiku, maana ukitoka kwenye giza la nje ukakutana na taa nyeupe ya ofisini raha yote inaisha.

FundiVigae:

Nakubali yote ila hujasema kuhusu mbao. Mbao kwenye hicho chumba mimi siweki.

rangi_na_nafasi:

Mi naweka, ila sio kubandika moja kwa moja ukutani. Unapiga fito kwanza ili hewa ipite nyuma, mbao zinaachana, na ncha zilizokatwa unazipaka vanishi vizuri kabla ya kupigilia sababu ncha ndo zinakunywa maji. Na zianzie sm 20 juu ya sakafu.

FundiVigae:

Kama kuna feni ya kutoa hewa sawa. Bila feni utaniita kuja kuzitoa.

Waya_Tatu:

Feni ndo moyo wa hicho chumba mbona imechelewa kutajwa. Chukua yenye kipima unyevu, inajiwasha yenyewe unyevu ukizidi, iweke kwenye asilimia 60. Bomba lake litoke NJE ya nyumba kabisa, nimeona mafundi wanaachia darini, hapo umehamisha kuvu tu kutoka kwa macho yako. Na feni haiwezi kuvuta hewa kama mlango wa ndani umebana, acha nafasi ya kama sm 1 chini ya mlango. Kama una mashine ya kukaushia nguo nayo inayotoa mvuke kwa bomba, iwe na bomba lake, isichangie na feni.

kachumba_kangu:

Narudi na majibu. Nailoni imetoa matone upande wa ndani! Fundi bomba kaja, kakuta bomba la kutolea maji machafu ya mashine limelegea pale linapoingia ukutani, kila nikifua maji kidogo yanaingia kwenye plasta. Kashalibana. Madawa nimetoa yote nje, asidi mbali na klorini. Mume amekubali sakafu na feni, wolpepa kaikataa, kwaiyo naenda na vigae vya mchoro. Je plasta iliyolowa naipakia dawa ya kuzuia maji na vigae sasa ivi au? Maana fundi anasema twende tu.

FundiVigae:

Asikuharakishe. Ile iliyolainika na kuwa na chumvi nyeupe kwangua mpaka kwenye tofali, halafu acha ukuta ukauke, fungua mlango, weka feni ya kawaida iupulize. Rudia ile nailoni, ikitoka kavu ndo upige plasta mpya, nayo ikauke, ndo dawa. Ukifungia maji ndani yatatafuta pa kutokea na yatasukuma vigae.

Mpangilio uwe nyaya na mabomba, mteremko, plasta, dawa, vigae, grauti, rangi, kabati, ndoano mwisho. Kabla ya vigae ziba tundu la sakafuni, mwaga maji yakae usiku kucha, ukiamka yamepungua ujue dawa haijashika mahali. Tundu lenyewe liwe na ule mtego wa maji, na kama mtakaa muda mrefu bila kutumia jakuzi mwaga ndoo ya maji pale, mtego ukikauka harufu ya mtaroni inapanda. Silikoni ikishawekwa mpe siku nzima bila maji, watoto wapitishwe mlango wa mbele.

kachumba_kangu:

Hakuna kupita mlango wa mbele kwenda kwenye jakuzi, ndo shida yenyewe 😅 basi jakuzi itafunikwa mpaka silikoni ikauke.