Sarafu ya fedha kwenye picha inatoka kama bati, nakosea wapi?

Babu Rupia:
Wakuu heshima kwenu. Nina rupia moja ya Mjerumani ya 1890, ile Kaiser kavaa kofia yenye tai juu. Nikipiga na flashi uso wote unakuwa doa jeupe, nikizima giza. Jana nimeweka tresing pepa mbele ya taa, doa limeisha ila sarafu imepoa kabisa, haina uhai, mteja wangu wa Posta kaiona kwenye simu akasema nimeisugua!! Wallahi hata limao haijagusa.

Kijana wa Sinza:
Flashi achana nayo mzee. Chukua taa mbili za LED, fikiria sarafu ni saa ya ukutani, moja iweke kwenye namba 10 nyingine namba 2, zipandishe juu usawa wa lenzi, maana ukizilaza pembeni kila mkwaruzo unakuwa mtaro wa Jangwani.

Fundi Macho:
Hiyo karatasi ndo mchawi wako. Sarafu ikigongwa kiwandani chuma kinakimbia kwenda pembeni na kuacha vimistari vidogo mno, ndo vinavyotoa ule mng'ao unaozunguka ukiinamisha sarafu. Mwanga ukitoka kila upande mng'ao unakufa, lazima aseme imesuguliwa. Toa karatasi taa moja, nyingine iache. Zile zenye uso wa kioo ndo zinataka ujanja mwingine, unaweka kipande cha kioo nyuzi 45 kati ya kamera na sarafu, taa inapiga kutoka pembeni, kioo kinaushusha mwanga chini.

Halafu tuambiane ukweli, wauzaji wengine hiyo karatasi wanaipenda kwa sababu inaficha mikwaruzo. Mimi nilinunua shilingi 50 ya faru ya 1974, kwenye picha laini kama bi harusi, kufika mkononi mashavu yote ya Mwalimu yamechanwa chanwa, hela ndo ishaenda.

Mama Senti:
Na dirisha ufunge pazia, mwanga wa jua na wa taa ukichanganyika upande mmoja bluu mwingine njano, fedha inageuka shaba

Babu Rupia:
Nimerudi wakuu. Nimetoa karatasi taa ya kushoto, pazia nimefunga, aisee manyoya ya tai yanahesabika! Nimemtumia yule wa Posta, tiki mbili za bluu, kimya.